Cherehani ya Pili

Jana usiku tumeihamisha cherehani ya pili.
Mhina alibeba kichwa, mimi nikabeba miguu,
tukapita uchochoroni Makorora kama wezi
waliojiibia wenyewe.
Kwa Mwantumu tukaiweka nyuma ya pipa la maji,
tukaifunika gunia la mkaa.
"Mpaka lini?" akauliza.
"Mpaka wahakiki wapite."

Maana leo wanapita.
Mjumbe alizunguka mlango kwa mlango:
kila kaya yenye kadi ya wasio na uwezo isitoke,
baba awepo, mama awepo, na vitu vyote viwepo.
Hilo la vitu alilisema polepole,
macho yake yakitazama kuku.
Mtu mwema, Mungu amzidishie.

Sikiliza hesabu yetu, wewe uliyesoma.
Cherehani moja: mashati ya shule sita kwa siku,
elfu saba mkononi.
Cherehani mbili, mdogo wangu Zahabu akikanyaga ya pili:
elfu kumi na tatu, Januari hata kumi na tano.
Hapo tunakula mara tatu, tunalipa chumba kabla ya kugongewa,
na hapo hapo tunaitwa wenye uwezo.
Mwenye uwezo hununua dawa.
Na vidonge vya Semeni, na damu akiongezewa,
na kitanda cha Bombo selimundu ikimkaba,
humeza cherehani zote mbili na meza zake
na bado hufungua mdomo.

Akiba haiozi, walitwambia.
Yetu ikizidi kidogo tu, inanuka.

Mwaka juzi, ghala la mkonge,
Mhina aliitwa ofisini: kibarua basi, sasa uwe nyapara.
Aliomba siku mbili afikirie.
Wenzake walicheka, nani hufikiria unyapara?
Tulikaa na daftari la Semeni, ukurasa wa nyuma,
tukaandika mshahara mpya, tukaandika dawa, tukatoa.
Kazini kuna bima, ndiyo, baada ya mwaka.
Damu ya mtoto haina mkataba wa mwaka.
Akarudi akasema mgongo unamsumbua.
Unyapara akapewa Kupaza, aliyemfundisha yeye
kufunga robota la mkonge,
na sasa Kupaza humwita "mzee"
na kumpanga zamu ya usiku.
Mgongo, kweli, umeanza kumsumbua.

Saa nne wakaja, wawili, kijana na binti,
wana kishikwambi na viatu visivyo na vumbi.
Paa la nini? Bati.
Redio? Imekufa.
Mnakula mara ngapi? Nikasema mbili,
na tumbo langu likaniamini.
Kisha binti akainama.
Kwenye sakafu, kando ya cherehani yetu halali,
miguu minne ilikuwa imeacha alama nne safi,
na nyuzi za bluu zimeizunguka kama nyasi kaburini.
"Hapa palikuwa na nini?"

Mhina akakohoa. Mimi nikatafuta ulimi.
Semeni, miaka tisa, mkeka wake ukutani,
akajibu bila kupepesa:
"Kiti cha bibi. Kakichukua mwenyewe, karudi Muheza."
Bibi yake yumo kaburini, mwaka wa nne huu.

Mtoto huyu nimemchapa kwa kijiko cha sukari
alichosema hakukila.
Leo nilimtazama anavyopanga uongo,
pindo juu ya pindo, mshono hauonekani,
nikajua kazi ya mkono wangu.

Binti aliandika, akasita, akafuta, akaandika.
Sijui aliandika nini.
Alipotoka alisogeza mkeka kwa ncha ya kiatu,
ukafunika alama mbili kati ya nne.

Usiku nikatuma ujumbe: tunaifuata cherehani yetu.
Mwantumu akajibu kabla simu haijazimika:
"Njooni upesi. Ijumaa wanakuja upande wetu.
Na Mhina aje na mkokoteni,
mtaniwekea friji."