Nyota Mbili za Bukembe

Alikuja Jumanne, matope mabichi kwenye kandambili,
Nasambu binti Khaoya,
na bahasha ya kaki isiyokuwa na kitu
ila namba ya shamba: mia nne na saba.
"Baba alileta miwa misimu sita," akasema.
"Nyinyi mnasema miwili."

Mimi si nyinyi. Mimi nimeajiriwa juzi tu,
nikarithi kompyuta ya marehemu Wafubwa,
mtu aliyepiga picha kila risiti ya mizani,
akaiita vilevile ilivyoandikwa, kosa na kosa lake,
kisha akazificha kama kuku anavyoficha mayai:
leo nyuma ya ghala, kesho majanini,
keshokutwa hajui mwenyewe.
Nafungua Miwa. Ndani ya Miwa kuna Mpya.
Ndani ya Mpya, Mpya_2.
Ndani ya Mpya_2, Ya_Zamani, babu tumboni mwa mjukuu,
kisha Usiguse,
na ndani ya Usiguse, Mpya tena.

Nikaandika jina, nikalibandika nyota mkiani.
Si nyota ya jaha, dada. Hii ni ya kukiri:
hapa kuna kitu, sijui ni herufi ngapi,
kije chochote, hata kimya.

Khaoya*

Sifuri.
Nyota moja hubisha hodi barazani, haiingii vyumbani.
Basi nikatanguliza mbili,

/Khaoya*

na hizo hazina haya:
hupita sebuleni, hufunua pazia,
huinama mvunguni mwa kila kitanda, na mvungu wa mvungu.
Zikarudi na risiti mbili.
"Misimu miwili," nikasema, nikaona aibu
kwa kuwa kompyuta ilikubaliana nami.

Akaniuliza: "Waliokaa zamu mizanini walitoka wapi?"
Sikumwelewa.
Akalitamka jina tena, taratibu,
ile Kh ikikwaruza kooni kama mtama kwenye jiwe.
"Wageni hawaiwezi hii. Waliandika walivyoweza."

Alama ya kuuliza ni herufi moja,
haizidi, haipungui. Kiti kimoja, mtu mmoja.

/?aoya*

Kaoya akaja. Haoya akaja
na trela zake mbili nyuma, tani kumi na nne,
tani tisa na nusu, mvua imeingia kwenye wino.
Lakini Khaoya mwenyewe, mwenye jina,
akabaki nje mlangoni:
herufi mbili haziketi kiti kimoja.

Nikafuta swali. Nikaweka nyota.

/*aoya*

Wakaingia wote. Kaoya, Haoya, Chaoya, Khaoya,
hata mmoja ambaye karani fulani, amechoka, ni usiku,
alimwandika SIJUI_aoya.
Shamba lao moja, mia nne na saba.
Dole gumba lao moja,
lenye kovu la panga katikati, kwenye kila risiti.

Mtu mmoja alilima.
Watano walipimiwa.
Aliyelipwa ni mmoja, tena kwa misimu miwili.

Nilidhani atalia, au atanitukana, nikajiandaa kwa yote mawili.
Alihesabu kwa vidole mpaka sita.
Halafu: "Hiyo nyota, iache peke yake tuone."
Nikalifuta jina la baba yake mbele ya macho yake.

/*

Skrini ikamwaga Bukembe yote.
Lusweti, Nabalayo, Masinde, Masinnde, Nangila, Nagila,
walio hai na waliolala nyuma ya migomba
wakishuka bila kuulizana umri.
Printa ilikuwa inakohoa karatasi yake ya sita.
Yeye hakuitazama. Alivuta kiti, akaketi karibu,
akaweka kidole kwenye kioo.
"Polepole. Rudi juu kidogo.
Huyo Nagila ni jirani yetu, mtoto wake yuko Webuye.
Subiri nimpigie."