Jino la Arobaini na Nne

Wao wana jina lake. Mimi nilihesabu kutoka kushoto,
jeupe kwa jeusi, kama karani wa magunia ya kahawa:
la arobaini na nne. Ukilibonyeza linazama,
na likishazama halirudi mpaka libembelezwe.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Kiusa.
Mchungaji alikuja na kofia mkononi:
"Fundi, chuma ni chuma, waya ni waya. Tuangalizie."
Siku nne nikashinda kichwa tumboni mwa piano.
Nikatoa humo nyumba ya nyigu,
senti ya zamani yenye tundu,
pini ya nywele, kadi ya ubatizo isiyosomeka.
Nyundo zilizokuwa uchi
nikazivisha sufi ya kofia ya marehemu baba.
Nyuzi nikazikaza kwa sikio,
sikio lililozoea kujua sindano gani imepinda.

Jumamosi, Julai. Ukungu umeshuka mpaka mnara wa saa.
Tiketi elfu tano, soda humo humo.
Watu wamekaa na makoti yao ya baridi,
na mama mmoja wa Kibosho, kiti cha mbele yangu,
ameshauliza mara mbili kwaya inaingia saa ngapi.

Wakaingia wawili tu.

Elirehema Kileo, mtoto wa matarumbeta ya Mwika,
aliyezika nusu ya kijiji kwa mashavu yake,
leo kashika klarineti: mpingo.
Mti wa kwetu huo. Uliondoka gogo,
umerudi na vifungo vya fedha na maneno.
Akalilamba tete, akangoja, akalilamba tena,
kama anayeonja uji kabla ya kumpa mtoto.
Nakijwa Mbwambo akavuta kiti, akakirudisha, akakivuta.
Akalitazama jino lile. Nilikuwa nimemwonya asubuhi.
"Nitaishi nalo," alinijibu, kama wanavyojibu Wapare
ukiwaambia mvua haitoshi.

Sijui kusikiliza muziki. Nasikiliza mashine.
Kipande cha kwanza nilisikia skrubu.
Cha pili nikasikia kanyagio la kulia, linalohitaji mafuta.
Watu walipiga makofi pasipotakiwa; mimi nilikuwa nahesabu:
limebonyezwa, limerudi. Limebonyezwa.
Limerudi.

Kisha kile cha taratibu.
Klarineti ikaanzia chini kabisa,
sauti ya mtu anayeongea kabla hajafumbua macho,
na piano ikimjibu kwa mbali, kutoka jikoni.
Nikasahau kuhesabu. Nakiri.
Ndipo likazama.

Nikashika goti la jirani nisiyemjua.
Mkono wa kulia wa Nakijwa umeganda hewani,
wa kushoto umevuka, ukucha chini ya jino,
unalichokonoa kama anayetoa mwiba kwenye unyayo.
Na Elirehema, ambaye hakugeuka,
nadhani aliona kwa mgongo,
hakuiachia sauti yake.
Akaishika.
Akaishika, mshipa wa shingo ukatoka,
pumzi ile ile ya kupanda kilima cha makaburini
unapuliza huku unatembea, na jeneza haliwezi kusimama.
Hakuna aliyekohoa. Mbwa alibweka huko Shanti,
akanyamaza, naye akangoja.

Jino likapanda.
Piano ikaingia, na ile sauti ikawekwa chini polepole,
kama mtoto aliyesinzia mgongoni.

"Hapo," mama wa Kibosho akageuka kuniambia,
"hapo walipongojana. Wamepatunga vizuri."
Nikamwambia ndiyo.

Baadaye, kwenye meza ya sambusa,
Nakijwa akanionyesha ukucha: umevunjika hadi kwenye nyama.
Hakulalamika. Alikuwa anacheka, mkono unatetemeka
hata soda inamwagika.
"Jumatatu utarudi? Sufi bado unayo?"

Nikamwambia nimekata kidogo tu, pale juu.
Kofia bado ina ukingo wake wote.