Maini ya Idi

Ibra, asubuhi ya Idi. Mbuzi hata hajapoa,
maini yake tayari yanalia kwenye tawa,
thomu, bizari, ndimu kavu.
Mimi bibi harusi wa mwezi mmoja,
harufu ya chuma imenipanda puani.
"Kula, mwanangu," anasema Bi Ghaniya.
Mawifi watano, macho kinywani mwangu.

Nikatia pande moja.
Nikalitafuna mpaka likawa raba,
nikameza na machozi, nikasingizia pilipili.

Jikoni, tukiosha masinia,
akafungua pindo la leso yake:
vipande vitatu, vimekauka.
"Mwaka wa thelathini na mmoja huu," akanong'ona.
"Paka wa jirani ananijua."

Na mimi, niliyekatwa maini
na kila neno lake tangu nifike,
nikamfungulia mlango wa uani.