Daftari la Mguu

Mkarafuu ulinitupa pakacha halijajaa.
Mkoani wakaukata mguu,
kaka akaufukia Kengeja, nyuma ya ua,
ndani ya upande mmoja wa doti ya Mize.
Upande wa pili anauvaa bado.

Usiku unyayo unawasha.
"Kuna hapo, Mize. Chini kidogo."
Naye hukuna godoro, wala hacheki.

Bi Raya wa mazoezi anasema ubongo una daftari lake;
jina la mguu halijafutwa,
unaitwa kila alfajiri,
na kule kutoitika ndiko kunakouma.

Leo kaniwekea kioo baina ya mapaja.
Nikakunjua vidole vya kushoto, taratibu,
na vya kulia, vilivyojikunja tangu siku ile kule udongoni,
vikakunjuka.

Mize akauliza: "Usiku huu nilale?"