Kiatu Hakina Huruma

Kamba yenyewe ni ya katani, imepakwa nta,
ndefu kidogo kuliko mguu wa mtu mzima.
Tumeikuta ndani ya kopo la maziwa ya unga,
chini ya kitanda chake, Ndanda,
siku ya tatu baada ya kumzika,
shangazi Paskalina akitafuta kadi ya kliniki
na sisi wengine tukijifanya tunatafuta.

Mafundo haya ni miguu yetu.
Kila alipotaka kusafiri alitupanga barazani,
kisigino ukutani, dole gumba kwenye kamba.
"Simama vizuri, Kanisia, usinidanganye.
Kiatu hakina huruma."
Akalifungua fundo la mwaka jana, akalifunga la mwaka huu,
akaenda zake.

Na alikwenda kweli Bibi Otilia.
Vinyago vya kaka yake Severini ndani ya magunia ya korosho,
kila kimoja kimeviringishwa khanga kuukuu,
siku nne kwenye tope la Muhoro
akingoja zamu ya kivuko cha Ndundu,
akiwachemshia abiria ming'oko,
akimgombeza dereva kana kwamba kamzaa yeye.
Mombasa. Lusaka. Maputo.
Mara moja Bombei, pamoja na watu wa ushirika,
kuona korosho zetu zinakobanguliwa;
aliporudi hakusema na mtu wiki nzima.

Biashara hakuijua.
Katika kila mzigo alibakiza kinyago kimoja:
"Huyu hauzwi. Hajamaliza kunitazama."
Na faida, ile ndogo, aliingia nayo kwenye majumba ya picha,
akatoa kiingilio kama anayetoa sadaka,
akasimama mbele ya mchoro mmoja
mpaka mlinzi akamwonea haya, akamletea kiti.
Ndipo alipotoa kamba, akapima.

"Ile ya Maputo, ya ng'ombe wa buluu,
upana wake ni Benedikti saba.
Ya Lusaka Benedikti wawili tu,
lakini hiyo ndiyo iliyoniliza."

Tulisikiliza huku tukijaribu viatu.
Tulidhani Benedikti ni kipimo cha wazungu,
kama inchi, kama ratili.
Mwalimu aliponiuliza mita moja ina sentimita ngapi
nilijibu, nikaongeza na Benedikti,
nikachapwa.

Leo tupo barazani tena, watu wa vitambi na miwani,
tumevua viatu mmoja mmoja.
Tumeanza na fundo la mbali, la Gotifridi,
mguu kama jembe, tukacheka, tukafuta pua.
Langu. La Abeli. La pacha wa Newala, moja kwa wote wawili.
Yamekaa pale tulipoacha kukua,
na kucha zetu zimeyafikia yote,
isipokuwa la karibu na ncha.

Fundo dogo, limekazwa hata limekuwa kama mbegu,
nta yake imekuwa nyeusi kwa kushikwashikwa.
Mayasa wangu ana miaka mitatu; mguu wake umelipita kidogo tu.

Shangazi Paskalina aliketi chini, kadi ya kliniki mkononi.
"Surua," akasema.
"Kabla yangu. Kabla ya baba yenu.
Hilo hakulifungua kamwe."

Hakuna aliyeuliza zaidi.
Maji ya chai yalichemka, yakakauka.
Sebuleni vinyago kumi na vitatu visivyouzwa
viliendelea na kazi yao ya kututazama.

Bibi, sikuwa na picha ya kukuletea.
Alfajiri, kabla umande haujakauka,
nilipiga magoti nikalipima kaburi lako
kwa kamba yako, toka msalabani hadi miguuni.
Nimehesabu mara mbili, usije ukasema nimekudanganya:
Benedikti kumi na mmoja na nusu.

Hiyo nusu sijui niiandike wapi.