Doa kwenye Paji la Akiror

Kipande cha kwanza niliilaumu dawa.
Chupa ilikuwa imekaa tangu mvua za mwaka juzi,
rangi ya chai iliyosahauliwa.
Nikaimwaga, nikakoroga nyingine,
na doa likarudi palepale,
juu ya nyusi ya kushoto,
wingu jeusi, upana wa kucha ya gumba.

Cha pili nikayalaumu maji.
Bomba letu la Walukuba lina siku zake.
Nikachuja kwa shuka kuukuu,
nikanunua barafu kwa Nangobi muuza soda,
nikaishusha trei toka ishirini na saba hadi ishirini,
kipimajoto mkononi kama nesi wa zamu ya usiku.
Doa likaja. Safari hii lilikuwa jeusi zaidi,
kana kwamba baridi imelipendeza.

Akiror anachomelea mageti nyuma ya soko.
Mara tatu ameacha kazi, akakaa mbele ya kamera
na ngao yake ya chuma kaiinua juu ya kichwa,
na mara tatu nimempa habari ileile.
"Mimi nachezea moto mchana kutwa," akasema,
"wewe giza kidogo tu linakushinda?"

Nikaziba mlango kwa blanketi, kisha kwa magodoro.
Nikaukagua mvukuto wa kamera kwa tochi, kunjo kwa kunjo.
Nikamsihi jirani azime taa ya ukutani, akakataa,
ana kuku.
Basi nikangoja umeme ukatike.
Wengine waliguna; mimi nilishukuru kimoyomoyo:
mtaa mzima umekuwa chumba changu cha giza.
Bado doa.

Vilibaki vipande vinne.

Usiku ule sikufungua boksi.
Nilipindua ndoo bafuni, nikaikalia,
mikono magotini, bila dawa, bila filamu.
Dakika tano, si kitu.
Dakika kumi, nasikia tu panya wa darini.
Kisha kimulimuli, kijani, mnyonge,
sijui kaingilia wapi.
Nikanyoosha mkono kumkamata
naye akasogea pamoja na mkono.

Saa ya baba.
Mishale yake yenye rangi ya kung'aa,
ambayo naivaa ili nihesabu dakika,
mkono wa kushoto ukishika pembe ya trei
na wa kulia ukigeuza vipande, chini kwenda juu,
na yeye pale juu, anachungulia
paji la uso la mtoto wa watu.

Nikaivua. Nikaifukia kwenye debe la mchele.
Sasa dakika nane nazihesabu na nini?

Baba alikuwa mtunza saa kiwanda cha nguo.
Alfajiri langoni aliita majina ya zamu,
nami nikimpelekea uji niliyashika yote.
Nikayapima mchana, saa mezani:
orodha nzima, na "yupo" zake, ni dakika moja.
Usiku nikaita mara nane, taratibu, vidole ndani ya dawa.
Owor, yupo. Batambuze, yupo.
Munduru. Kirunda. Tibenderana, yupo.
Drani alikuwa mtoro, nikamwandikia hayupo;
sekunde ni ileile.
Kiwanda kimefungwa, wengi wao nimewazika,
lakini hakuna aliyechelewa.

Nikasuuza, nikakazia, nikawasha taa.
Paji safi. Hata kovu dogo la cheche lilionekana.

Nikakitundika kwenye kamba, nikalala na dirisha wazi,
mjinga mimi, msimu wa wadudu wa ziwa.
Asubuhi saba walikuwa wameganda begani mwake,
mabawa na yote.
Nikampelekea Akiror, nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi.
Alikiinua juani, akakitazama kwa jicho moja,
jicho lake la kazi.
"Hawa kwenye karatasi watatokaje?"
"Weupe."
"Basi waache," akasema. "Watu watadhani nilikuwa nachomelea."