Mkanda wa Volga

Asubuhi ni kilo mbili na robo.
Saa tisa alasiri, bibi harusi bado anacheza,
ni kilo tisa.
Mizani ya sokoni haitakubali. Muulize shingo.

Mkanda wa kwanza ulikuja na kamera, bure,
mwembamba, jina la kampuni kwa rangi ya manjano
ili mwizi asipate taabu ya kuuliza.
Ulinila hapa, chini ya sikio,
na kila Jumatatu fundi wa meno aliniuliza
nani amenikaba.

Uzi mmoja ulianza kuchomoza tangu Juni.
Niliuona.
Nikaukata kwa meno, nikajiona daktari.
Oktoba, huko Sighnaghi, harusini kwa akina Khvedelidze,
nimeinama juu ya meza nitafute uso wa bibi yake bwana harusi,
mara shingo ikawa nyepesi.
Wepesi ule! Nusu sekunde ya raha,
kisha kamera imo ndani ya bakuli
la kuku wa mchuzi wa jozi.
Mkuu wa meza hakukawia: aliinua pembe ya mvinyo
akaiombea marehemu pumziko jema,
watu themanini wakanywa.

Basi nikaenda Tbilisi, sokoni, Daraja Kavu,
na tofali mbili ndani ya mkoba.
Kila mkanda niliutundika tofali
nikapanda ngazi za Sololaki, nikashuka.
Wa ngozi ulinukia kama duka la viatu vya matajiri,
lakini bizimu yake ilikwaruza kila ilichogusa.
Wa sponji ulikuwa mtamu begani,
ila ulidundadunda: hatua moja mimi, mbili tofali,
zikinibisha kifuani kama mgeni asiyeona kengele.
Wa nailoni uliteleza.
Wa kamba ya wapanda milima ulikuwa imara, sikatai,
na mgumu kama ahadi ya mwanasiasa siku ya pili.
"Chukua huu wa nyati," Badri muuzaji akanisihi,
"huu utakuzika, dada."
Sitafuti wa kunizika, Badri.
Natafuta wa kunifikisha saa tano ya usiku.

Wiki hiyohiyo baba aliiuza Volga yake kwa uzito,
teksi ya miaka thelathini na moja, kwa wakata vyuma wa Rustavi.
Nilifika wameshang'oa milango.
Nikaingia na kisu upande wa dereva.

Upana wa vidole vitatu. Kingo laini, hazichani kola.
Na mpya! Mpya kabisa, kwa sababu baba
hakuwahi kuufunga hata siku moja.
Akiona polisi mbele aliuvuta tu, akaushika kiunoni kwa ngumi,
akatabasamu,
akauachia ukijirudia wenyewe, zzzp, baada ya kona.

Tsiuri wa Gldani, mshona mifuko ya kulalia ya wapanda milima,
alishona mraba, na ndani ya mraba msalaba,
akarudia tena juu yake, cherehani ikilalama.
Kisha akaufunga juu ya fremu ya mlango
akaning'inia yeye mwenyewe, viatu hewani,
sindano tatu bado mdomoni.
"Lete harusi," akasema, kwa jino moja.

Sasa nauvaa bega la kushoto hadi nyonga ya kulia,
kama dereva.
Uzito umepata pa kukaa, shingo imerudi kuwa ya kugeukia.
Baba aliuona, akaupapasa, akaguna:
"Miaka yote hiyo ulikuwa unabana."
Haubani, baba. Ungeufunga ungejua.

Ila kuna mahali, karibu na kiuno,
ambapo utepe umelainika na kung'aa,
pana kama ngumi moja.
Watu wakipeana pete na kanisa likinyamaza,
mkono wangu wa kushoto huwa umeshafika pale
kabla sijautuma.